Mandazi Yasiyo na Ngano

Wanawake wa kanisa letu la Rubondo, kwenye makazi ya wakimbizi Uganda, waliamini kwamba tumbo langu lina pepo. Miaka kumi waliniwekea mikono kichwani, mikono iliyonuka mafuta ya kukaangia, na ibada ikiisha wakanipa mandazi yaleyale yaliyokuwa yakinichana matumbo. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini pepo huyo anapenda Jumapili mchana. Sijaona tena watu wenye uhakika mwingi na udadisi mdogo namna ile.

Mwaka 2013, nikiwa nimepanga chumba mtaa wa Kakoba, mjini Mbarara, daktari mmoja wa pale alinieleza kwa dakika tano kile ambacho maombi hayakugusa. Mwili wangu haukubali gluteni, kitu kilichomo ndani ya ngano kinachofanya donge livutike na kushikamana. Niache ngano yote, hata vumbi lake. Nilitoka nikilia, na sikulilia ugonjwa. Nililia mandazi ya mama, yenye harufu ya ganda la limau, yaliyovimba kama mashavu ya mtoto anayepuliza moto. Kivu, kule Kongo tulikokimbia, sikuikumbuka. Mandazi yale ndiyo pekee niliyoweza kuyaita nyumbani.

Nikajaribu kuyatengeneza kwa unga wa muhogo na maji. Yalitoka mawe. Mbwa wa jirani aliyanusa akaenda zake, na tangu siku ile nikamheshimu. Jirani yangu mwingine, mke wa askari aliyeuza kabalagala, vile vibapa vya kukaanga vya ndizi na muhogo, karibu na kambi ya jeshi, alinitazama wiki nzima, kisha uvumilivu ukamwisha.

"Wewe unapika matofali," akasema. "Ponda ndizi ile ndogo, tamu. Unga kidogo kidogo. Maji hapana."

Nilikuwa nimezidharau kabalagala zake tangu nihamie pale, na dharau ile ilikuwa ya kijinga kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Nikafuata maneno yake, nikakwangua limau juu. Nilikula saba. Tumbo likanyamaza.

Krismasi nikaenda Rubondo kumfundisha mama. Alitwanga muhogo mpya, akanunua chekecheo ambalo ngano haijaligusa. Lakini kwetu mwanamke akikukuta jikoni hakai bure. Lazima atie mkono, na kumkatalia ni kumwita mulozi, yaani mchawi. Mama shemasi, kiongozi wa waombaji wangu, akaingia, akakanda wakati mama amekwenda bombani kuteka maji. Nilikula nne huku nikizisifu. Kabla jua halijashuka nilikuwa nimejikunja chooni.

Mwenyewe hakuficha. Alimweleza mama kwa furaha, kama anayedai shukrani.

"Nilitia ngano kiganja kimoja tu, sababu ishikane. Na niliisalia kwanza."

Kisha akafafanua kwamba maumivu ni dalili ya pepo kutoka. Nilimsikia kupitia ukuta wa udongo, na laiti ningekuwa na nguvu ya kusimama, ningemcheka usoni.

Nililala siku tatu. Ya nne asubuhi mama akasugua bakuli kwa majivu, akamwaga unga wote, akaanza upya. Mama shemasi akatokea, akasalimia, akakunja mikono ya gauni. Mama, ambaye katika maisha yake yote ya ukimbizini hakuwahi kumfungia mtu jiko, alivuta kigoda akakaa katikati ya mlango.

"Leo hapana, dada. Huyu mutoto ni wangu."

"Unaniona mulozi?"

"Mulozi hapana. Naogopa mikono yako," mama akasema, akaendelea kuponda ndizi.

Jumapili iliyofuata mama hakuitwa kukaanga kanisani kama ilivyokuwa desturi. Tulikaa benchi la nyuma, na wale waliokuwa wakigombania mandazi yake ya limau wakapita wakitazama paa, kana kwamba Mungu alikuwa ameandika kitu kwenye mabati. Tuliporudi nyumbani mama akafunua sahani ya kabalagala zake. Zilikuwa bapa, nyeusi pembeni, wala hazikufanana na chochote cha utoto wangu.

"Zina ladha ya ndizi," mama akasema, kama anayetaja kasoro, akachukua nyingine.