Noti ni ya Mwalimu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu alisoma cheti changu cha ualimu akiwa amesimama. Alipofika penye somo la muziki aliniangalia juu ya miwani. "Ulifaulu kweli, ama walikuhurumia?" Nikamjibu kwamba chuoni kwetu hakukuwa na huruma. Akacheka, akanikabidhi ufunguo wa kabati. Ilikuwa miaka ya sabini, katika shule ya msingi ya baraza la jiji, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mtaa wa Kaloleni, nami nilikuwa msichana niliyeteremka kwenye gari la moshi kutoka magharibi juzi yake tu.

Kabatini nilikuta ngoma iliyopasuka, chati ya do-re-mi iliyoliwa na mchwa, na uma. Vijana wa leo hamuujui uma huo. Ni kichuma chenye meno mawili. Ukikigonga gotini kinatoa sauti moja tu, ile ile kila siku. Kutoka sauti hiyo mwalimu hupanda au hushuka kichwani, do, re, mi, mpaka aipate noti ya kwanza ya wimbo, kisha huwavumia watoto midomo ikiwa imefumbwa. Kwaya nzima huanzia hapo. Akiwapa noti ya juu mno, wimbo ukifika penye kilele watoto hulia kama filimbi ya askari. Kwa hiyo nilikuwa na sheria moja: noti ni ya mwalimu, mtoto haigusi.

Nilikuwa mkali, sifichi. Nilihamishwa hadi shule moja upande wa Mathare, ambako mvua ikipiga mabati tulinyamaza mpaka ipite, na huko nako wakaniita Bi. Noti. Niliporudishwa shule ile ya Kaloleni nilimkuta Mwalimu Mkuu wa tatu tangu nianze kazi, mtu wa hesabu tangu kuzaliwa. Januari hiyo aliniita ofisini.

"Bi. Nekesa, wazazi wa hapa wanafanya kazi reli na viwandani. Hawakuleta watoto waje kuimba. Kipindi chako cha Jumatano nataka kukifanya cha hesabu, mtihani wa darasa la saba haungoji."

"Nipe mwaka huu mmoja," nikasema.

"Nakupa mihula miwili. Mkaguzi wa Shule akija, nataka aone cheti cha mashindano ya mkoa pale ukutani. Na kisiwe cha kushiriki tu."

Nilitoka pale nimekaza meno. Kile kipindi kilikuwa ndicho pekee ambacho mtoto asiyejua kugawanya aliweza kusifiwa.

Muhula wa kwanza ulikuwa wa maigizo. Watoto walitunga mchezo juu ya foleni ya maji kwenye mfereji mmoja wa mtaa, nami nikausahihisha neno kwa neno. Bibi mzee wa foleni aliigizwa na Zuhura, msichana wa darasa la sita ambaye baba yake alikuwa na duka dogo pale Kaloleni. Siku ya mashindano ya eneo, kijana aliyetakiwa kuingia na habari kwamba maji yamekatwa aliingia, akasahau kila kitu, akabaki ametoa macho. Zuhura akajikongoja hadi kwake na fimbo yake. "Mwanangu, mbona umesimama kama mlingoti? Si umetumwa uniambie mfereji umefungwa?" Ukumbi ukaangua kicheko, mchezo ukaendelea, tukawa wa pili.

Nje nilimgombeza. "Maneno yale hayakuwa kwenye karatasi."

"Lakini Mwalimu, huyo jamaa alikuwa amekwama. Ningefanya aje?"

"Ungengoja."

Aliinamisha kichwa. Cheti cha eneo tulikipata, ila Mwalimu Mkuu alikitazama tu, akakiweka kwenye droo.

Ikabaki kwaya. Zuhura alikuwa amekulia kwenye kasida za madrasa, na sikio lake lilikuwa la ajabu, jambo ambalo sikumwambia. Wimbo wa lazima, ule ambao kila shule huimba, ulianza kwa sauti ya mtu mmoja, nikampa yeye. Wimbo wetu wa kuchagua ulianzia juu zaidi. Tulifanya mazoezi kila siku baada ya masomo, watoto wakiwa na njaa, wengine wakikimbia kupeleka wadogo zao nyumbani na kurudi. Siku moja Zuhura aliinua mkono. "Mwalimu, leo umeanzia juu kidogo." Nilimsimamisha ukutani mpaka mwisho. Sijui kama alikuwa sahihi siku hiyo. Sikupima tena.

Eneo tukashinda, tukafika mkoa. Jukwaani niliona waamuzi watatu, na nyuma yao Mwalimu Mkuu ameketi amekunja mikono. Nikagonga uma gotini, nikahesabu kichwani, nikawavumia noti. Mkono wangu ukiwa tayari hewani, nikajua: nilikuwa nimewapa noti ya wimbo wa kuchagua. Kilele cha wimbo wa lazima kingewavunja sauti wote. Kusimama na kuanza upya kulikuwa ni kupoteza alama, na nilibaki nimeganda.

Zuhura alinitazama. Kisha akaacha noti yangu, akashuka, akaanza pale ilipopaswa kuwa, taratibu, kana kwamba ndivyo tulivyopanga. Wenzake arobaini wakamfuata. Kilele kikaja, kikapita safi.

Tulikuwa wa kwanza mkoa mzima. Mwamuzi alisema kwaya hii ina mwalimu mwenye sikio. Mwalimu Mkuu alinipa mkono, akasema, "Jumatano ni yako." Cheti kikatundikwa, jina langu likiwa chini yake.

Ndani ya basi la kurudi Zuhura alikaa pembeni yangu, akingoja kugombezwa. Nilitazama nje ya dirisha mpaka tukafika shuleni. Jumatano iliyofuata nilimpa uma, nikamwambia awe anautunza. Akauliza, "Nimekosa, Mwalimu?" Nikasema hapana, nikageukia ubao. Zamani mwalimu hakumwomba mtoto radhi, na hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Nilistaafu katika shule ile ile, kipindi cha Jumatano kikiwa bado kwenye ratiba. Kwenye sherehe ya kuniaga walikishusha kile cheti ukutani, kimegeuka rangi ya chai, wakasoma maneno ya mwamuzi kuhusu sikio langu. Watu wakapiga makofi. Nilisimama, nikashukuru, nikaketi nikala keki, na aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Kwa hiyo naandika hapa kile nilichoshindwa kukisema ndani ya basi. Zuhura, popote ulipo, nilikosea noti. Wewe ndiye uliyeokoa Jumatano zote zile. Nisamehe.