Kiazi cha Yusto

Mchungaji aliyetuletea mambo ya wanafunzi kumi na wawili alitoka Embu, na kwa sababu mimi nafanya kazi Embu na nimepanga nyumba mtaa wa Majimbo, baba yangu aliamua kwamba kosa ni langu. "Huyo pasta wenu," ndivyo alivyomwita hadi mwisho, kana kwamba ni mimi niliyemtia kwenye gunia nikamteremsha kwetu Kibirichia. Sikuwa hata namjua. Majimbo watu wanajuana kwa milango tu.

Alikuwa kijana mwenye mashati yaliyonyooshwa vizuri na stashahada ya theolojia. Alipofika kanisani kwetu akawahesabu wazee wa kanisa na kukuta ni kumi na wawili kamili, alifurahi kama mtu aliyeokota simu. Jumapili hiyo hiyo akatangaza kwamba kila mzee atachukua mwanafunzi mmoja wa Yesu, amsome, amjue, na ikiwezekana aishi kama yeye. Watu wakapiga makofi. Watu wa kwetu hupiga makofi kwanza, halafu huulizana maana yake wakiwa njiani kwenda nyumbani.

Baba hakuwa mzee wa kanisa. Yeye na mama walikuwa watu wa benchi ya mwisho, mlangoni kabisa, kwa sababu mama alikuwa na kifua kibaya na alihitaji hewa. Walikaa pale maisha yao yote ya ndoa. Mama alipofariki, baba aliendelea kukaa upande wake, na upande wa mama, ule wa mlangoni, akawa anaweka kofia. Mtu akija amechelewa akitafuta nafasi, baba anasema, "Kuna mtu." Siku moja nilijaribu kukaa pale mimi mwenyewe, binti yake wa kuzaa, akaniambia kuna mtu. Nikaenda kukaa na kwaya.

Mtu wa mbali angeuliza kwa nini asihame tu. Huyo hajui kanisa letu. Kila mtu ana mahali pake, na kukaa mahali pa mwenzako ni sawa na kupanda viazi kwenye shamba lake. Njia za kutoka kwenye benchi yako ni mbili: ufe, au uchaguliwe kuwa mzee wa kanisa uende kukaa kwenye zile benchi za mbele zenye mito. Jumamosi moja, tukimenya viazi, baba aliniambia bila kuinua kichwa, "Sitaki cheo mimi. Nataka tu kutoka kwa ile benchi. Siwezi tena kukaa na kofia." Nikasema nitamwombea.

Lakini nafasi haikuwepo. Wazee walikuwa kumi na wawili, na sasa wote walikuwa na kazi ya ziada ya kuwa watu wengine.

Shida ya kwanza ilikuwa samaki. Wazee wa rika la baba hawali samaki. Hakuna aliyewakataza, wanamwona tu kama nyoka aliyekosea njia. Kwa hiyo mchungaji alipoeleza kwamba Petro na nduguye Andrea walikuwa wavuvi, na Yakobo na Yohana pia ni wavuvi, mzee mmoja aliuliza kwa upole kama labda walikuwa na shamba pembeni. Mchungaji akasema hapana. Na wale wengine? Mathayo alikuwa mtoza ushuru. Simoni, yule wa pili, alikuwa na siasa kali. Wengi waliobaki, haijulikani walifanya kazi gani.

"Watu kumi na wawili," akasema mwenyekiti wa wazee, "na hakuna hata mmoja ameshika jembe?"

"Haijaandikwa, mzee."

"Sasa walikuwa wanakula nini?"

"Samaki," mchungaji akasema.

Mwenyekiti alichukua Petro hata hivyo, kwa sababu hakuna mwenyekiti anayekataa funguo. Mchungaji, ili kuwasaidia wale wavuvi wanne, akaagiza samaki wa kukaanga kutoka Meru mjini. Andrea wetu aliuma mara moja, akatoka nje nyuma ya choo, akarudi macho yakiwa yamelowa na kutangaza kwamba yuko tayari kuwa Bartholomayo.

Mathayo alipewa yule mzee anayekusanya ushuru wa soko pale Kiirua, na watu wakasema huyo hahitaji hata kusoma. Alikasirika wiki nzima. Tomaso ndiye aliyeharibika kabisa. Alikuwa mtu mtulivu, lakini baada ya kusoma habari za mwanafunzi wake alianza kutia shaka kila kitu. Alikataa kuamini kwamba ng'ombe wa jirani amezaa mpaka apelekwe amguse ndama. Mkewe alikuja kwa mchungaji kulalamika kwamba hata uji akiambiwa ni wa moto anataka kuingiza kidole. Aliyefurahi ni mmoja tu, mzee aliyepewa Yakobo wa Alfayo, ambaye habari zake karibu hazipo. Yeye aliendelea kusinzia kama zamani, na mchungaji akamsifu kwa uaminifu.

Yuda akabaki. Kila mtu alijua atabaki. Mchungaji, kwa ule ujinga wa watu waliosoma, akampa mweka hazina, akieleza kwamba hata Yuda ndiye aliyeshika mfuko. Maskini mzee wa watu! Hakuwa amekosa hata senti, lakini kuanzia siku hiyo watu walimwangalia mikono. Mkewe akiingia kwenye maombi ya akina mama, mazungumzo yanakatika. Mtu akamwuliza sokoni, kwa mzaha, kama ameshapata bei nzuri. Kabla ya mvua kuisha alikuwa amehamia kanisa la ng'ambo ya bonde, ambako alihakikishiwa kwamba hawana wanafunzi.

Ungedhani mchungaji angesikitika. Alichangamka! "Mnaona?" akasema madhabahuni. "Maandiko yanatimia!" Maana baada ya Yuda kuondoka, mitume walihitaji mtu wa kujaza nafasi yake. Walisimamisha watu wawili waliokuwa pamoja nao tangu mwanzo, wakaomba, wakapiga kura, na kura ikamwangukia Mathiya. Nasi tutafanya vivyo hivyo. Watakaosimama ni wale tu waliokuwepo tangu kanisa likiwa la udongo.

Ukiondoa wazee wenyewe, na akina mama ambao hakuna aliyewauliza, wa namna hiyo walikuwa wawili: baba yangu na jirani yetu, mtu mpole na mvivu ambaye ua wake sisi ndio huukata.

Sasa, kura ya namna gani? Wazee walibishana jioni tatu. Sarafu ilikataliwa kwa sababu ni kamari, na kamari ilikuwa imehubiriwa vibaya tangu vijana waanze kubeti. Karatasi zilikataliwa kwa sababu zinafanana na uchaguzi, na uchaguzi kila mtu anajua unavyoisha. Ndipo Petro akasema, "Si tutumie waru tu?" Kila mgombea alete kiazi kimoja kutoka shambani kwake, viwekwe kwenye kiondo, mtu asiyeona atoe kimoja. Mchungaji akaona ni jambo zuri sana. Yeye viazi alivijua vikiwa chipsi.

Nilipanda gari kwenda nyumbani Jumamosi nikamkuta baba amechimba mistari miwili mizima akitafuta kiazi kimoja. Alikipata. Kilikuwa kikubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, cheupe, hakina hata kovu. Alikiosha, akakikausha kwa kitambaa cha kufutia miwani yake. Nikamwambia, "Baba, ni bahati tu. Hata kadogo ni sawa."

"Siwezi peleka kitu kidogo mbele ya Mungu," akasema. "Nyinyi wa Embu labda."

Jirani yetu alikuwa ameuza viazi vyote kwa madalali. Alikumbuka asubuhi ya Jumapili, akaingia stoo, akachukua kimoja kwenye gunia la mbegu, saizi ya yai, kimeshachipua.

Mtu asiyeona alikuwa nyanya mmoja, mkongwe kuliko wote pale, ambaye macho yake yalikuwa yameshastaafu. Kiondo kikawekwa mezani, mchungaji akaomba sala ndefu, kisha akamshika mkono. "Mama, ingiza mkono utoe moja."

Akaingiza. Tukangoja. Mkono haukutoka. Kiondo kilitikisika kidogo, na uso wa yule nyanya ukawa uso wa mtu aliye kazini. Huyu mama alikuwa amechagua viazi tangu utotoni. Mkono wake haukujua kuingia katikati ya viazi na kuokota ovyo. Akatoa kile cha baba. Baba aliinuka nusu kutoka kwenye benchi. Naapa niliona mgongo wake ukinyooka, na mimi kwenye kwaya nikashika mkono wa mtu wa karibu bila kumwangalia ni nani.

Nyanya akakipima kiganjani, akakinusa.

"Hii ni ya kupika," akasema, akakiweka kando. Akaingiza mkono tena, akatoa kile kidogo, akapitisha kidole gumba juu ya machipukizi. "Hii ndio ya mbegu. Hii iko na macho mzuri."

Kukawa na vurugu. Petro akasema kilichotoka kwanza ndicho kilichoshinda, mambo yameisha. Mathayo akasema kilichowekwa kando hakiwezi kuwa kimeshinda. Tomaso akadai arudie. Mchungaji, jasho likimtoka kwenye lile shati, akainama, "Mama, umechagua gani?"

"Kwani wewe unapandanga gani?" nyanya akamwuliza.

Mchungaji hakujua. Alitazama viazi vile viwili kama mtihani. Nadhani alikuwa upande wetu. Alikwisha kunyoosha mkono kuelekea kile kikubwa, kwa sababu machoni pa mtu wa mjini kikubwa ndicho kizuri. Kanisa zima lilikuwa la wakulima na hakuna aliyefungua mdomo, maana wote walijua baba anataka nini. Walikuwa wameona ile kofia kwa muda wote huo. Wangemwacha achukue.

Ni baba mwenyewe aliyesema. "Pasta, ni ile ndogo. Kubwa hatupandi."

Mdomo wake haukumruhusu kusema uongo juu ya mbegu, hata kwa kitu alichokitaka hivyo. Nilikasirika mpaka nikashindwa kuimba. Nilimkasirikia mchungaji, nyanya, jirani, na Mungu pia nilimgusia. Baba ndiye niliyemkasirikia zaidi, kwa kuwa vile alivyo.

Jirani yetu akapelekwa mbele, akaketi kwenye mto, akaonekana kama mtu aliyeamshwa. Makofi yakapigwa. Baba alikuwa bado amesimama.

"Na yule mwingine?" akauliza. "Yule alishindwa na Mathiya. Alienda wapi?"

Mchungaji akapekua kurasa. "Aliitwa Yusufu. Pia Barsaba. Pia Yusto."

"Sijauliza majina. Nimeuliza alienda wapi."

Akapekua mbele, akapekua nyuma. "Haijaandikwa, mzee."

"Lazima alienda mahali," akasema Tomaso, na kwa mara ya kwanza kila mtu alikubaliana naye. Baba akaenda mbele, akachukua kiazi chake, akakitia kwenye mfuko wa koti. Koti likaning'inia upande mmoja. Nyumbani alikiweka juu ya kabati, na nilipomwuliza kwa nini hakipiki alisema ni kikubwa kwa mtu mmoja.

Jumapili iliyofuata nilirudi tena, kwa sababu sikuweza kukaa Majimbo nikimwaza. Alikuwa amepiga viatu rangi. Alikwenda kwenye benchi ya mwisho, akaketi upande wake, akaweka kofia upande wa mama. Mbele, Mathiya wetu alikuwa ameshasinzia bega kwa bega na Yakobo wa Alfayo.

Tulikuwa tunaimba wimbo wa kwanza yule nyanya alipoingia na fimbo yake. Mahali pake ni benchi ya pili kutoka mbele, na anapafikia bila kuongozwa na mtu. Siku hiyo hakwenda mbele. Alisimama pale mlangoni, akainama, akaanza kupapasa benchi kwa kiganja, polepole, mpaka akafikia kofia. Akaiinua. Akaipima mkononi. Kwaya ilikuwa bado inaimba.

"Kuna mtu hapa?" akauliza, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia vizuri.

Wimbo ulikwisha, na kanisa zima likasikia jibu la baba.

"Kulikuwa na mtu," akasema, akapokea kofia yake, akaiweka magotini.