Nilimwambia mama mtama wake ni "coarse grains"

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi, na kuna sehemu nitaona aibu kuandika.

Nafanya kazi kwenye ghala la nafaka hapa Mwanza mjini. Ripoti zetu ni za Kiingereza, na humo ndimo nilimokutana na "coarse grains". Mtama, uwele na ulezi vimo. Ngano na mchele havimo.

Coarse si ni kitu cha kukwaruza? Basi nikajitafsiria: nafaka za hadhi ya chini. Sikumuuliza mtu, ujuaji tu.

Mwaka jana wakwe zangu wakaja kwangu Buzuruga kwa mara ya kwanza. Kwenye ukoo wetu, siku hiyo mama wa kijana ndiye anawasongea wakwe ugali, kwa unga wa shamba lake. Mama akaja asubuhi kutoka Misungwi na unga wa mtama, kauchekecha mara mbili.

Mimi nikamwambia: "Mama, huu weka pembeni. Hata Kiingereza wanauita coarse, wa kukwaruza. Leo tunapika wali na sembe."

Akaniangalia. "Sawa baba. Wewe ndiye uliyesoma."

Akaufunga unga wake kwenye kitenge, akabaki jikoni. Mama mkwe alipomuulizia, nikasema kapumzika. Nilidanganya wakuu, huku namsikia anaosha sufuria.

Miezi ikapita. Siku moja ghalani nikalitupia tena lile neno langu la nafaka za hadhi ya chini. Mzee mmoja mkaguzi akacheka mpaka akavua miwani.

"Nani kakwambia? Hilo ni jina la kundi tu, wafanyabiashara wanatenganisha na ngano na mchele. Halafu mahindi nayo yamo humo humo. Kwako unakula nini?"

Sembe, wakuu. Ile ile niliyowaandalia wakwe kwa mbwembwe.

Nikampigia mama. "Shikamoo mama. Ile siku ya wakwe nilikukosea sana."

"Marahaba. Yameisha hayo, baba."

Nikajua yameisha kweli. Mwezi uliopita akaja kutusalimia, akatoa kwenye mfuko pakiti ya sembe ya dukani. "Nimewaletea unga mzuri, wageni wakija msiaibike." Hakuwa ananisema, alimaanisha. Hapo ndipo nilipoumia.

Nikauliza, na mtama je?

"Sikupanda mwaka huu. Ningempelekea nani?"

Nilichojifunza: neno la ofisini ulielewe kwanza kabla hujampimia nalo mzazi wako.

Mbegu ya mtama nimeshapata. Jumamosi naenda Misungwi kumwomba tupande wote, halafu awasongee wakwe mwenyewe. Ila nikifika mlangoni naanzaje? Waliowahi kumvunja mama moyo, nipeni maneno, mimi yangu nimeyapima nikaona hayatoshi.