Mume wangu anachonga sura ya binti yetu marehemu, na mimi ndiye ninayeuza

Habari zenu nyote. Naomba jina langu lisitokee hapa, maana wifi yangu huusoma ukurasa huu na sitaki ajue nimeyatoa ya nyumbani. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu. Kwetu ni upande wa Mackinnon Road, ila nimeolewa na mchongaji na tunaishi Ukunda, nyumba ya kupanga. Tuna kibanda cha vinyago kando ya barabara ya Diani. Yeye huchonga, mimi hupiga msasa, hupaka nta na kuuza. Ndiyo kazi inayotulisha tangu tuoane.

Mungu alitujaalia mabinti wawili. Yule mkubwa alirithi jina la mamake mume wangu, kwa hiyo babake hakumwita jina lake hata siku moja, alimwita Mama. Akitoka shule alipitia kibandani, akakaa juu ya magogo na kumsimulia babake mambo ya darasani mpaka tufunge. Mwaka juzi alishikwa na homa. Tulimpeleka hospitali, wakamhudumia vizuri, sina wa kumlaumu, lakini siku zake zilikuwa zimefika. Tulimzika Shimba Hills, kwenye shamba la wakwe zangu. Mdogo wake alikuwa bado ananyonya.

Mazishini nililia mpaka sauti ikakauka. Mume wangu hakulia. Alipokea wageni, akatafuta viti vya kuazima, akahakikisha watu wamekula. Matanga yalipokwisha tulirudi Ukunda, naye akashika tezo lake kama kawaida. Sikumlaumu, maana mimi mwenyewe machozi yalikuwa yameshaisha na tangu wakati ule hayajarudi. Napika, nafua, nawachekea wateja. Mtu akiniuliza hali nasema njema, wala si uongo, kwa sababu hakuna mahali panaponiuma. Ni kama mguu uliokufa ganzi, unaukanyagia tu na unatembea.

Zamani mume wangu alichonga wanyama, ndovu na twiga na vifaru, pamoja na miiko ya kupakulia. Baada ya msiba akaanza kuchonga watoto wa kike. Msichana amekaa, msichana amebeba ndoo, msichana anasuka ukili wa mkeka. Nilidhani amefuata soko. Basi siku moja nilikuwa nasugua kinyago cha mwarobaini huku macho yangu yako barabarani, vidole vikapita kwenye paji la uso ninalolijua. Lilitokeza kidogo upande mmoja, na chini yake jicho moja lilikuwa dogo kuliko jingine. Nikakigeuza nikakitazama. Alikuwa mwanangu. Nikachukua kingine kwenye rafu, ni yeye. Vyote vilikuwa yeye. Nimeshauza vingapi bila kuviangalia, sijui.

Nilimwuliza mume wangu anamchonga nani. Alijibu bila kuinua kichwa kwamba ni mtoto tu, wageni wanapenda watoto. Nikampigia wifi yangu, nikamweleza. Yeye alinisihi nimwache ndugu yake, akasema wanaume wengine hulia kwa mikono. Nikaona sawa, nikaendelea kupiga msasa.

Kisha akaja mama mmoja wa makamo, mgeni kutoka bara, amekuja pwani kupumzika. Alimshika yule aliyebeba ndoo akamtazama kwa muda mrefu, akaniuliza, "Huyu ana jina?"

Nikamwambia hana. Akamnunua. Nilimfunga kwa gazeti, nikaanza na uso. Alipoondoka nilikaa kwenye kigoda nikingoja kulia. Kilio hakikuja. Nikapanga ndovu vizuri, nikahisi njaa, nikaenda kununua viazi karai.

Siku hiyo tulipokuwa tunafunga nilimwomba mume wangu anichongee mmoja ambaye hatutamuuza, tumweke nyumbani. Aliiweka patasi chini.

"Wa kuuza naweza," akasema. "Wa kuweka siwezi, mke wangu. Usinitume hiyo kazi."

Ndipo nilipojua kuwa anajua anamchonga nani, na amejua tangu mwanzo. Hatujalizungumza tena.

Sasa kuna mwenye duka la hoteli aliyepita akaviona, akavipenda. Anataka vingi kabla ya msimu wa wageni, tena wasichana peke yao, wanyama hawataki. Mume wangu amekubali. Magogo yameshaletwa, yako nyuma ya kibanda. Na tangu akubali, ndugu zangu, mume wangu anakula vizuri. Anapiga mluzi akichonga. Juzi nilimsikia akiongea kwa sauti ndogo, nikadhani yuko kwenye simu, kumbe simu yake ninayo mimi. Alikuwa amekiinamia kinyago, anamwambia, "Tulia, Mama, nimalize sikio."

Nikimwambia aache, namnyima mtoto wake mara ya pili, na chakula chetu nimekitia mchanga. Nikinyamaza, kila asubuhi nitasugua uso wa mwanangu mpaka ung'ae, halafu nimkabidhi kwa watu nisiowajua. Lakini maumivu yenyewe siyaogopi, maana hayapo. Ninachokiogopa ni kwamba wiki iliyopita mteja aliona bei ni kubwa, tukavutana, nami nikampunguzia. Nilimpunguzia bei ya mwanangu, nikamshukuru, nikamwambia karibu tena. Moyo haukushtuka hata kidogo.

Kuna mmoja mapajani mwangu sasa hivi ninapowaandikia, nusu nimeshamsugua. Nyinyi mliowahi kuzika, nishaurini. Nimwambie baba watoto aache, au nimalize nusu iliyobaki?