Ukuta wa Soko la Gehandu

Philomena alizaliwa Endasak, kwenye mteremko wa Mlima Hanang, ambako hakuna anayejenga nyumba kabla ya kuuliza maji ya mvua yatapita wapi. Alipohitimu usanifu majengo Dar es Salaam, wenzake walibaki kuchora maghorofa. Yeye alirudi, akaajiriwa na halmashauri, akaolewa Balangdalalu. Miaka ya mwanzo alichora vyoo vya shule na zahanati, kazi zisizosifiwa na mtu na zinazotumiwa na kila mtu.

Kisha akapewa soko la Gehandu. Alilichora kwa mapenzi. Meza za saruji zilifika kiunoni, ili mama asiuze akiwa ameinama kutwa. Paa lilipitisha mwanga. Ukuta ulizunguka pande zote, na lango lilikuwa moja tu, la kukusanyia ushuru. Soko lilizinduliwa kwa ngoma na vigelegele. Wiki iliyofuata lilikuwa tupu. Wanawake walikuwa wamerudi kuuza chini, kando ya barabara, vumbi likitua kwenye maziwa yao.

"Watu hawa hawataki maendeleo," alisema Wilbard, mhandisi aliyehamia kutoka Bukoba. "Leteni mgambo siku moja tu, mtaona watakavyoingia."

Mezani kwa mhandisi huyo ilisubiri kutiwa sahihi michoro ya soko la Endasak, yenye ukuta na lango vilevile. Philomena aliomba asubiriwe hadi mnada ujao, siku ya soko, aone kwa nini wanawake hawaingii. Asingepata jibu, akina mama wangefukuzwa barabarani, na kosa, liwe lolote lile, lingejengwa mara ya pili, tena kwao alikozaliwa.

Siku ya mnada aliingia sokoni peke yake, akazunguka kati ya meza tupu. Alipokuwa akitoka, alimwona mzee Sulle, baba wa mumewe, akija langoni na fimbo yake. Bila kufikiri alirudi nyuma, akajibanza ukutani, akainamisha macho. Katika koo nyingi za huku, mke hapishani na baba mkwe kwa karibu. Humwachia njia, akapita mbali. Pale langoni hapakuwa na mbali. Mzee naye alisimama, akakohoa, akageuka, akaenda zake.

Ng'ambo ya barabara, Genoveva muuza maziwa alicheka hadi akashika mbavu.

"Umenasa kwenye mtego wako, wifi!"

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie nini? Kwani wewe si mke wa huku? Tukajua umeamua kutufungia humo na wakwe zetu!"

Philomena naye alicheka, machozi yakamtoka. Juma lile lile alisimama mbele ya kikao cha halmashauri.

"Naomba ule ukuta ubomolewe wote."

"Msanifu, hata rangi haijakauka!" Wilbard alimaka.

"Vizuri, utavunjika kwa urahisi."

Kikao kikaangua kicheko.

"Na ushuru?" Wilbard aliuliza.

"Mkusanyaji ana miguu, na mashine ya risiti iko mkononi mwake. Awafuate wanaouza."

"Una hakika gani kwamba shida ni lango?"

"Mimi niliyelichora nimeshindwa kulipita."

Madiwani wakanyoosha mikono. Wakapitisha.

Nguzo zilibaki, paa likabaki, na upepo wa mlimani ukapata njia. Mnada uliofuata, jua lilikuta meza zimejaa: maharage, vitunguu, vibuyu vya maziwa. Mzee Sulle aliingia kwa upande wa juu kununua tumbaku, wake za wanawe wakiwa upande wa chini, kila mmoja na heshima yake na nafasi yake. Philomena alipita kati ya meza akisalimia, na kila aliyemsalimia alimtilia kitu kwenye kikapu.

Wilbard alikuja kujionea. Alitafuta pa kusimama.

"Baba, sogea kidogo," Genoveva alimwambia. "Unanizibia wateja."

Akasogea.

"Na hapo pia, baba," akasema mama wa meza ya pili.

Alasiri ile, akiwa bado na vumbi la mnada kwenye viatu, Wilbard alitia sahihi mchoro mpya wa Endasak: nguzo, paa, meza. Ukuta haukuwemo.