Nilijua Kuitikia Tu

Bibi yangu ndiye aliyekuwa akianzisha sala nyumbani kwetu Itetemia. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, alikaa kwenye mkeka, akafanya ishara ya msalaba, na rozari ikaanza. Yeye alisema nusu ya kwanza ya Salamu Maria, mimi na mdogo wangu wa kike tukaitikia nusu ya pili. Ilikuwa hivyo tangu tulipoletwa kwake tukiwa wadogo. Aliwagombeza mbuzi kwa Kinyamwezi, lakini na Mungu alizungumza kwa Kiswahili.

Mwaka juzi, baada ya mavuno, akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakaondoka. Alielewa kila tulichosema, ila yeye mwenyewe alitoa sauti tu. Jioni ya kwanza aliporudi kutoka hospitali alikaa kwenye mkeka kama zamani, rozari mapajani, akanitazama. Nilijua anataka nini. Mimi ndiye mkubwa. Nikainuka, nikaenda kuangalia kama banda la kuku limefungwa.

Ikawa hivyo kila jioni. Yeye anakaa, ananitazama, mimi natafuta kazi ya nje. Mdogo wangu akaanza kushinda na simu. Baada ya muda Bibi aliacha kunitazama, akawa anapitisha punje za rozari peke yake kimya kimya, na hilo liliniuma kuliko kutazamwa. Niliona kabisa kwamba sala ya nyumba ile inaondoka, na mtu wa kuizuia ni mimi, na siwezi. Shule ya msingi niliimaliza bila kunyoosha kidole darasani hata mara moja. Sauti yangu nikiisikia mbele za watu, naona kama ni ya mtu mwingine.

Wakati huo nilikuwa najifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo. Ni mzee wa Kiislamu, familia yake iko mjini tangu enzi za misafara ya biashara, na cherehani zake ziko kwenye kibaraza cha nyumba aliyoirithi. Siku zangu za kwanza pale, kengele ya kanisa ilipigwa saa sita mchana. Mzee akasimamisha cherehani.

"Kijana, kengele yenu hiyo."

"Ndiyo, Mzee."

"Sasa umekaa unangoja nini? Nenda kasali. Ukirudi, na mimi nitajiandaa na adhuhuri, wewe utabaki na kazi."

Kwake yeye, mwito ni mwito. Hakujua kwamba siku hizi wengi wetu tukiisikia kengele ile tunajua tu kwamba chakula cha mchana kiko karibu. Ningeweza kumwambia. Lakini kumweleza mzee jambo refu namna hiyo, mbele ya muuza kahawa aliyeweka birika lake pale kibarazani, na wateja wake, ilikuwa kazi kubwa kuliko kuinuka. Nikainuka.

Nyuma ya nyumba palikuwa na ua mdogo, wenye kamba ya nguo na jiko tunalowashia mkaa wa pasi. Nikasimama pale. Nikataka kusali Malaika wa Bwana, ile sala ya saa sita, nikakwama kabla sijaanza. Majibu yake nilikuwa nayo yote. Maneno ya kuanzia ndiyo sikuwa nayo. Maisha yangu yote kuna mtu mwingine aliyeanza, mimi nikafuata. Basi nikaitikia sala ambayo haikuanzishwa na mtu, nikaangalia kuku wa jirani, nikarudi kazini.

Muuza kahawa akanipa jina siku ileile.

"Padri karudi! Padri, suruali yangu utaipiga pasi sasa, au kuna ibada nyingine?"

Kesho yake kengele ikalia, Mzee akasimamisha cherehani. Keshokutwa vilevile. Nikiwa na hamu, nisiwe na hamu, alinitazama mpaka niinuke. Nikaona aibu kusimama uani bure. Nikachukua kitabu cha sala cha Bibi kwenye rafu, nikakifunga kwenye kipande cha kitenge, nikaenda nacho kazini. Jioni nikamkuta Bibi anatazama pale kilipokuwa. Nikakirudisha haraka. Asubuhi alinisubiri mlangoni, amekishika kwa mkono wake mzima. Akakibandika kifuani pangu, kisha akanisukuma begani niende.

Sitasema kwamba sala zangu za uani zilikuwa nzuri. Nyingi zilikuwa kavu. Mara nyingine nilitamka maneno yote huku nikiwaza shati nililolikata vibaya. Awali nilidhani mtu husali moyo ukitaka. Moyo wangu kama ungengojwa, ungekuwa bado haujataka. Miguu ndiyo iliyotangulia kuzoea, kisha mdomo. Halafu siku moja katikati ya masika, mvua inapiga bati, nimejibanza chini ya upenu, nikagundua kwamba nazungumza na Mtu. Sikusikia sauti yoyote. Nilijua tu kwamba siko peke yangu, na kwamba nilikuwa nimengojwa pale uani muda mrefu. Kesho yake sala ikawa kavu tena. Nikasali vilevile.

Kisha Mzee akafiwa na dada yake huko Puge. Akaondoka asubuhi, akaniachia funguo. Siku hiyo mama mmoja alikuja kuchukua gauni lake la kuvaa harusini, akakuta bado natia vifungo. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu kunisimamia. Kengele ikalia.

Hapakuwa na mtu wa kunitazama mpaka niinuke. Nikakaa na sindano mkononi. Ningeendelea na kazi, nani angeuliza? Lakini mwili wenyewe ulishaanza kuinuka, na yule mama akaona.

"We kijana, unakwenda wapi? Gari langu la Nzega linaondoka!"

"Samahani, mama. Naenda kusali kidogo, narudi sasa hivi."

"Kusali! Kwani leo Jumapili?"

"Mwache Padri, mama," muuza kahawa akadakia. "Ukimzuia atakushonea mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi."

Nikaenda. Niliporudi alikuwa bado amenuna.

"Angalau umeniombea na mimi?"

"Hapana, mama. Sikukumbuka."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Mkweli huyu! Haya, shona."

Gari aliliwahi. Mimi nilipokuwa narudi Itetemia jioni, njia nzima niliwaza jambo moja: nimemwambia mtu mzima nisiyemjua, mbele za watu, kwamba naenda kusali, na sauti imetoka.

Vyombo vikaoshwa. Bibi akakaa, rozari mapajani, hakunitazama. Banda la kuku nilikuwa nimelifunga mapema makusudi, ili nisipate pa kukimbilia. Nikakaa mkekani, nikafanya ishara ya msalaba. Mdogo wangu akainua uso kutoka kwenye simu. Nikaanza. Sauti ilitetemeka, ilikuwa ndogo, lakini nusu ya kwanza ikafika mwisho. Nikaogopa kwamba hakuna wa kuitikia. Ndipo mdogo wangu akaitikia, na chini ya sauti yake nikasikia ya Bibi, haina maneno, ikipanda na kushuka palepale inapopaswa.

Tunaendelea hadi leo. Zipo jioni ninazorudi nimechoka sana, sina hamu kabisa, na mkeka unatandikwa hivyohivyo. Kazini Mzee bado anasimamisha cherehani saa sita, ingawa siku hizi mara nyingi ananikuta nimeshainuka. Bibi sasa anasema "Amina", na anaisema kwa nguvu, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Jana usingizi ulinishika katikati ya rozari, nikaruka Salamu Maria moja. Bibi akaguna, akanyoosha mkono, akakirudisha kidole changu kwenye punje niliyoipita. Nikaanza tena.