Ukoko wa Bi Mwanahawa

Pilau ya shughuli ikishaiva na kupakuliwa, chini ya sufuria hubaki ukoko, na ukoko huo una mwenyewe. Mpishi mkuu huketi kwenye kigoda, akaletewa sufuria ya kwanza ikiwa bado ya moto, akakwangua kwa upawa na kula mbele ya watu. Akishatafuna ndipo masinia hutoka jikoni kwenda kwa wageni. Wazee walisema hiyo ni kutoa wasiwasi: mwenye mkono ale kwanza, mgeni ajue mkono huo hauna hila. Vijana walisema ni ulafi tu uliovishwa kanzu. Vyovyote iwavyo, katika vijiji vya juu ya Lushoto, njia ya kwenda Magamba, kigoda hicho kilikuwa cha Bi Mwanahawa, mke wa Saidi fundi cherehani.

Alikuwa mnene, na hakuna aliyemhesabia hilo kuwa kasoro. Unene wake ulikuwa tangazo la kazi yake. Mtu mwenye binti wa kuoza alimtazama Bi Mwanahawa akipanda kilima kwa kuhema, akajua wageni wake watashiba. Mpishi mwembamba, watu waliulizana, anapika nini ambacho mwenyewe hakimnogei? Na ukoko wa sufuria ya kwanza aliumaliza wote, mkono mmoja ukitia mdomoni na mwingine ukiwaelekeza wachota maji, huku akigombana na aliyesahau kuzitoa kuni.

Mambo yalibadilika mwaka wa tatu baada ya Azimio la Arusha. Kijiji kilikuwa kimelima shamba la ujamaa la mahindi na maharage kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupanda kwa kufikiri. Magoti ya Bi Mwanahawa hayakuuweza, kwa hiyo balozi wa nyumba kumi akampangia kuwapikia wanaolima, na hakuna aliyelalamika. Siku moja aliinua sufuria ya makande peke yake, maana subira ya kungoja msaada hakuwa nayo, akasikia kitu kikiachia tumboni. Alipojitazama nyumbani, kitovu kilikuwa kimetokeza kama yai.

"Ni ngiri," daktari wa hospitali alimwambia. "Nyama ya tumbo imeachana, utumbo umepenya. Nitakupasua niurudishe. Lakini si kwa mwili huu, mama. Dawa ya usingizi itakuwa hatari kwako, na kidonda hakitafunga vizuri. Punguza ratili thelathini, kisha uje."

"Na nisipopunguza?"

"Siku utumbo ukijinyonga humo ndani, utaletwa hapa kwa machela, nami nitakupasua hivyo hivyo. Siku hiyo siwezi kukuahidi kitu."

Bi Mwanahawa hakuwa mwoga wa maneno, lakini hayo yalimwingia. Alikuwa na mume, alikuwa na binti aliyeolewa na wajukuu ambao hawajaota meno. Hakutaka kufa kwa ajili ya kitovu.

Daktari akamkabidhi kwa muuguzi, Sista Rahabu, binti wa Kilutheri kutoka Mlalo, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Sista akamketisha, akamweleza habari za kupima chakula na kupunguza kidogo kidogo. Bi Mwanahawa aliitikia kila neno, kama tunavyowaitikia watu wa hospitali, akasikia nusu. Nusu aliyoisikia ilikuwa hii: usile sana. Na yeye, ambaye hakuwahi kuteleza Ramadhani hata moja tangu usichana, aliijua njia moja tu ya kupigana na tumbo. Akafunga. Mchana hakugusa hata maji. Jua likizama nyuma ya mikaratusi, alifuturu: uji wa pilipili manga, viazi vya nazi, ndizi za kupika, vitumbua vya kushushia, na daku kabla ya alfajiri ili apate nguvu za kufunga kesho.

Mwezi ulipoisha akarudi kupimwa. Sista Rahabu alilisogeza jiwe la mzani mbele na nyuma mara mbili, hakuyaamini macho yake.

"Mama, mbona umeongezeka? Unakula nini?"

"Sili kitu, mwanangu. Nafunga."

"Na usiku?"

"Usiku nafuturu," alijibu Bi Mwanahawa, akashangaa kuulizwa jambo lililo wazi namna hiyo.

Sista alicheka mpaka akafuta machozi kwa aproni, kisha akaomba radhi, maana aliyekuwa mbele yake ni mtu mzima. Akaanza upya. "Mama, mwili wako una kibaba chake cha siku. Vitabuni kipimo hicho wanakiita kalori, sisi tukiite kibaba. Ukijaza kibaba asubuhi au ukakijaza usiku, ni kile kile. Kikimwagika, kinachomwagika unakwenda nacho kiunoni. Sasa niambie, kitu gani unakipenda kuliko vyote?"

"Ukoko."

"Basi usiuache."

Bi Mwanahawa alimtazama kama mtu anayetegewa mtego.

"Kweli, usiuache," Sista alisema. "Ukiuacha kwa hasira, utaurudia kwa hasira. Uingize kwenye kibaba. Siku ya shughuli kula kipande cha ukoko, na siku hiyo wali usile, wala kitumbua. Kipande, mama. Si sufuria."

Njiani kurudi nyumbani aliyatafakari hayo na kuyakataa. Yule binti hakujua ukoko ni nini. Kumwambia Bi Mwanahawa ale kipande ilikuwa sawa na kumwambia mlevi alambe ukingo wa kata ya pombe. Najijua, alisema moyoni, nikianza siachi. Mengine yote aliyafuata: futari ya kila usiku aliikomesha, wali na viazi akavipima kwa kikombe cha bati, mboga za majani akala mpaka akazichoka, chai akanywa bila sukari, na hilo halikuwa gumu sana, maana sukari yenyewe dukani ilikuwa ya kuviziwa. Lakini ukoko aliuharamisha kabisa. Kwenye hitima mbili ndogo alizopika, alisingizia kuumwa jino.

Mwili ukaanza kushuka. Magauni yakamlegea, na Saidi ndiye aliyekuwa na kazi ya kuyapunguza. Alikaa kwenye cherehani yake kibarazani akimkunja mkewe inchi kwa inchi, naye hakufurahi. Amemjua mwanamke huyu kwa futi ya kupimia miaka yote hiyo, na sasa futi inazidi kubaki mkononi. Kila gauni alilolipunguza aliacha kitambaa kingi ndani ya mshono, ili kipatikane cha kuachia siku mwili ukirudi. Hakumwambia.

"Mla ni mla leo, mla jana kala nini," alimtania jioni moja, akimsogezea sahani. "Kijiji kizima kinasema nakunyima."

"Kiache kiseme," mkewe akajibu. Lakini maneno ya watu yalimuuma. Kwao, kukonda hakukuwa na sababu njema: ni maradhi, au ni mume, au ni mkono wa mtu. Wanawake walimletea vyakula vilivyofunikwa kwa kawa, wakamsikitikia. Kilichomuuma zaidi ni kwamba usiku aliota ukoko. Mwanamke mzima, bibi wa watu, anaota makombo ya sufuria.

Ndipo ikaja harusi ya binti wa Shabani, mkulima wa kabichi, jirani yao. Mkwe alitoka Vuga. Watu wa Vuga hawajasahau kwamba kwao ndiko walikokaa wafalme wa Usambara, na wakija ugenini huja na macho. Mchele ulipandishwa kutoka Mombo, ng'ombe akachinjwa, Bi Mwanahawa akafunga kanga kiunoni kuanzia alfajiri. Msaidizi wake alikuwa Tatu, mtoto wa kaka yake, msichana mwenye mkono mwepesi na ulimi mzito. Siku hiyo shangazi hakuonja kitu. Mchuzi alimkingia Tatu kiganjani. Chumvi, Tatu. Nyama, Tatu. Sufuria ya kwanza ilipopakuliwa na kigoda kikawekwa, Bi Mwanahawa aliutazama ule ukoko wa rangi ya kahawia unaong'aa kwa mafuta, mate yakamjaa, akageuka.

"Kula wewe, Tatu."

"Mimi, shangazi?"

"Nimesema kula."

Tatu akala wima, haraka haraka, kwa haya, kama mwizi. Mlangoni alisimama mama mmoja wa Vuga aliyekuja kuomba maji ya kunywa. Aliyaona yote hayo, akaondoka bila maji.

Masinia yakapelekwa. Muda si muda Shabani akaingia jikoni, kofia imemkaa upande.

"Bi Mwanahawa, wageni hawali."

"Hawali nini?"

"Wamenawa mikono, wamekaa. Wanasema mpishi amekonda kama mtu aliyelishwa kitu, na chakula alichopika kwa mkono wake hakukitia mdomoni. Wanauliza kuna nini ndani." Akaivua kofia. "Dada yangu, wakiondoka na njaa, binti yangu ataingiaje nyumba ile?"

Bi Mwanahawa alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Miaka yote aliwalisha watu wa milima hii, wanaozaliwa na wanaozikwa, na leo mkono wake unashukiwa. Angeweza kueleza habari za ngiri na kibaba, lakini nani angemsikiliza huku pilau inapoa? Akakichukua kigoda mwenyewe. Akamwambia Tatu abebe sufuria. Akatoka mpaka kwenye turubai, mbele ya wanaume wa Vuga, akaketi.

"Onga mshi," aliwaamkia kwa Kishambaa. Mzee aliyekaa mbele akaitikia polepole, macho kwenye sufuria.

Watu walidhani anawaogopa wale wageni. Hakuwaogopa hata kidogo. Aliuogopa ukoko. Alijua kwamba akishautia mdomoni mkono wake hautasimama mpaka upawa ugonge chuma, na miezi yote ya kikombe cha bati itakwisha pale pale mbele ya halaiki, na machela inamngoja. Lakini jina lake lilikuwa limelala kwenye masinia yale. Akasema bismillahi, akakwangua kipande kimoja, kiasi cha kiganja, akakivunja, akala.

Alitafuna taratibu, maana hakuwa na mtu wa kumgombeza wala kuni za kuamrisha zitolewe, na macho yote yalikuwa kwake. Akasikia mchele uliokauka ukilia kwenye meno, kisha mafuta ya nyama, kisha kitunguu kilichoungua kikawa kitamu, na nyuma kabisa bizari. Akashtuka. Alikuwa hajawahi kuuonja. Miaka yote alikuwa akiumeza tu, na leo ndiyo mara ya kwanza anajua ulivyo. Akamaliza kipande, akangoja ule wazimu alioukimbia umshike. Akangoja tena kidogo. Haukuja. Hamu ilikuwepo, ndiyo, lakini ilikuwa imeketi, kama mgeni aliyekwisha kukaribishwa.

Akaifunika sufuria. "Huu uliobaki ni wa Tatu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nusu ya pilau hii ameipika yeye."

Yule mzee wa Vuga akachota tonge. Turubai zima likachota. Shabani aliketi chini palepale alipokuwa amesimama, akasahau kuwa ana kanzu nyeupe. Na mpishi siku hiyo hakula wali, wala kitumbua.

Mwezi ule Sista Rahabu alipousoma mzani alikuta umeshuka kama kawaida. "Hujaugusa ukoko?" akauliza. "Nimeugusa," Bi Mwanahawa akasema, "nao haukunila." Tangu hapo kila shughuli alikula kipande chake kimoja, ameketi, amenyamaza, na mtu aliyemsemesha wakati huo alijuta. Ndoto za usiku zilikoma. Mvua za vuli zilipokwisha, ratili zile zikawa zimeshuka, daktari akampangia siku ya kupasuliwa.

Alipozinduka, tumbo lilikuwa limefungwa bendeji na Saidi ameketi pembeni mwa kitanda, koti la Ijumaa mwilini, kifurushi cha jani la mgomba mapajani.

"Daktari anasema kumekwenda vizuri," alisema, kisha akapangusa pua. "Magauni yako, ule upindo niliouacha ndani... nimeukata wote. Nimekata asubuhi, ulipokuwa ndani."

Bi Mwanahawa alimtazama. Hakujua kulikuwa na upindo, lakini alielewa. Akaunyoosha mkono, mumewe akaushika.

"Na hicho nini?"

"Jana kulikuwa na maulidi kwa Omari. Tatu ndiye aliyepika. Walimwekea kigoda, akakataa kukalia. Alikula tonge moja la kutoa wasiwasi, amesimama. Akasema ukoko una mwenyewe, yuko hospitali. Ameniambia nikuletee."

Sista Rahabu alikuwa akipita na sinia la dawa. Akasimama. "Mama, leo hata uji bado."

"Najua, mwanangu. Hauozi huu, utaningoja." Akalifungua jani, akausogeza ukoko puani, akavuta pumzi. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke. Kisha akakunja uso.

"Ametia iliki nyingi," alisema. "Mwambie Tatu nikitoka hapa tutazungumza."

Akacheka, mshono ukamuuma, akajishika tumbo na kucheka tena kidogo. Saidi akalifunga jani vizuri na kuliweka kwenye kabati la kando ya kitanda.